Kidonge cha Kolesteroli: Kijue kwa Jina, Kimeze kwa Saa

Kabla hujaendelea kusoma, kalete dawa zako. Zote. Za presha, za sukari, na hiyo mpya ya kolesteroli uliyoandikiwa juzi. Zipange mezani, tutazishika moja moja.

Chukua boksi la hiyo mpya. Jina kubwa linalong'aa ni la kampuni. Wewe tafuta lile dogo lililo chini yake, lenye kuishia na "statin". Yaweza kuwa atorvastatin, rosuvastatin au simvastatin. Hapa nitaziita atorvastatini, rosuvastatini na simvastatini, kama tunavyozitamka, na zote kwa pamoja statini. Lakini wewe kariri vile ilivyoandikwa kwenye boksi, pamoja na namba iliyo kando: 10 mg, 20 mg, 40 mg.

Jina hilo na namba hiyo ndiyo kinga yako ya kwanza. Hebu fikiria unavyotibiwa hapa Mombasa. Kliniki ya sukari wahudhuria Port Reitz. Homa ikikushika usiku, wakimbilia zahanati ya jirani pale Magongo. Kikohozi wakimaliza kwenye duka la dawa la stejini. Mkaazi wa Likoni ana hospitali yake ya kaunti ndogo, na ana daktari mwingine kisiwani, mpaka avuke feri. Wa Kisauni leo yuko Mlaleo, kesho apita daraja la Nyali kwenda Coast General. Wote hao wanakuandikia dawa, na mara nyingi hawajuani. Anayewaunganisha ni wewe.

Kwa hiyo piga boksi picha, upande wenye jina na namba. Picha ikae kwenye simu. Kama ni dawa ya mzazi asiye na simu ya picha, andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike ndani ya jalada la kijitabu chake cha kliniki. Dakika mbili tu.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Shangazi yangu alimeza dawa mara mbili kwa wiki tatu nzima. Boksi moja alipewa kliniki, jingine alinunua dukani siku dawa zilipokosekana. Moja jeupe, jingine la buluu, majina makubwa tofauti kabisa. Ndani, atorvastatini ileile. Niligundua nilipokwenda kumjulia hali na kumsomea zile herufi ndogo. Mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba mapaja yanamuuma tangu juma lililopita. Tukaliweka boksi moja kando, tukarudi kliniki siku ya pili.

Angalia na hili. Ukiona "nystatin" mezani, hiyo si ya kolesteroli. Ni dawa ya fangasi, ile wanayopewa watoto wenye utando mweupe mdomoni. Mwisho wa jina unafanana, kazi haifanani.

Kwa nini wewe

Kolesteroli iliyopanda haiumi wala haiwashi. Ndiyo sababu watu hukiona kidonge hiki kama cha ziada na kukiacha cha kwanza pesa zikipungua. Usikiache. Ini lako ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli. Statini hupunguza utengenezaji huo, na ini likaanza kuvuta zaidi ile mbaya, yaani LDL, kutoka kwenye damu. Majaribio yaliyokusanya zaidi ya watu 170,000 yalionyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa kipimo kimoja cha mmol/L, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano.

Waweza kuwa umepewa hali kolesteroli yako haiko juu sana. Usishangae. Ukiwa na kisukari na umepita miaka 40, au umewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, daktari anakinga mishipa yako ya damu bila kungoja namba ipande.

Na kidonge hiki si cha dharura. Kifua kikibana, jasho jembamba likitoka, mdomo ukienda upande au mkono mmoja ukilegea ghafla, usimeze statini ya ziada ukasubiri. Tafuta gari, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Saa ya kumeza

Simvastatini meza usiku. Inakaa mwilini muda mfupi, na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu, kwa hiyo wakati wowote unafaa. Muhimu iwe saa ileile kila siku, tumbo likiwa na chakula au bila.

Usitegemee kukumbuka. Funga kidonge na jambo ambalo hulikosi. Mama anayefungua kibanda cha mahamri alfajiri, ameze na kikombe chake cha kwanza cha chai. Anayeswali Isha msikitini, ameze akirudi, kabla ya kupanda kitandani. Mfanyakazi wa zamu bandarini achague saa ambayo yuko macho zamu zote mbili, ya mchana na ya usiku, kisha aiwekee kengele ya simu.

Dereva wa trela, wewe nakuambia peke yako. Ukitoka Changamwe kuelekea Malaba, hesabu siku za kwenda, za kukwama kwenye foleni ya mpakani, na za kurudi. Ongeza za wiki moja. Beba vidonge vya kutosha, na viweke kwenye mkoba wa nguo. Usiviache juu ya dashibodi. Jua la Mtito Andei kupitia kioo hupika kila kitu kilichowekwa pale.

Umesahau? Ukikumbuka siku hiyohiyo na saa ya kesho bado iko mbali, meza. Ukikumbuka imekaribia saa ya kidonge kijacho, kiruke hicho ulichokosa, endelea kama kawaida. Usimeze viwili kufidia. Siku moja haikuharibii kitu. Wiki tatu za "nitaanza kesho" ndizo zinazorudisha kolesteroli palepale ilipokuwa.

Ramadhani isikupe taabu. Kidonge ni kimoja kwa siku, basi kihamishie baada ya futari. Hakuna haja ya kula mchana wala kuacha dawa mwezi mzima, na hata kama uliambiwa umeze asubuhi, atorvastatini na rosuvastatini hazidhuriki kwa kuhamia usiku. Dawa za sukari na presha ni habari nyingine. Hizo nenda kazipangie na daktari wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama. Kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, maana joto letu pamoja na mwili mkavu havisaidii figo wala misuli.

Dawa nyingine, hapa ndipo penye hatari

Ukisoma sehemu moja tu ya makala haya, iwe hii.

Mwili una njia zake za kuivunja na kuitoa statini. Dawa fulani huziba njia hiyo. Statini ikalundikana kwenye damu, ukawa kana kwamba umemeza vidonge vingi kwa pamoja, na misuli ndiyo inayolipa. Kwa hiyo kila mara mtu anapokupa dawa mpya, sema sentensi moja kabla hujatoa pesa: "Natumia atorvastatini ya 20, je, zinapatana?" Badilisha jina na namba ziwe zako. Sema kwa daktari, kwa muuguzi, na kwa kijana wa duka la dawa.

Ya kwanza kuijua ni klarithromisini. Waweza kusema hujawahi kuisikia, lakini kama umewahi kutibiwa vidonda vya tumbo vya wadudu wa H. pylori, huenda ulimeza. Imo ndani ya ile pakiti ya dawa za wiki moja au mbili inayoandikwa sana siku hizi. Ndugu yake erithromisini huandikwa kwa kifua na ngozi. Ukiandikiwa mojawapo, usikatae matibabu. Taja statini yako. Daktari aweza kukusimamishia statini kwa siku hizo, kisha uirudie, au akabadilisha antibiotiki. Amoksisilini peke yake haina ugomvi na statini.

Ya pili ni vidonge vya fangasi. Jasho la Pwani hutupa mapunye na fangasi za mapajani mwaka mzima, na duka la dawa ni rahisi kukupa vidonge. Itrakonazoli na ketokonazoli za kumeza ni hatari ukiwa na simvastatini au atorvastatini. Flukonazoli nayo itaje. Krimu ya kupaka juu ya ngozi haina shida hiyo, kwa hiyo uliza kama krimu itatosha.

Tazama tena mezani. Je, unayo amlodipini ya presha? Wengi wanayo. Ukiwa na amlodipini, simvastatini isizidi 20 mg kwa siku. Ukiona boksi lako ni la simvastatini ya 40 na amlodipini iko kando yake, usitupe chochote na usikate dozi mwenyewe. Piga simu kliniki, au rudi nazo zote mbili wakuangalizie. Dawa nyingine za moyo na presha, kama verapamili, diltiazemu na amiodaroni, nazo zina mipaka yake. Dawa ya jongo iitwayo kolchisini itaje pia. Gemfibrozili, ambayo ni dawa nyingine ya mafuta ya damu, haimezwi pamoja na statini.

Ukiwa unatumia ARV, usione haya kulitaja kwa anayekuandikia statini. Hili ni la usalama wako. Dawa za kundi la ritonaviri, lopinaviri na atazanaviri huipandisha statini mno, na simvastatini haichanganywi nazo kabisa. Ukiwa kwenye TLD, ile yenye dolutegraviri ambayo wengi Kenya wanatumia, tatizo hilo halipo. Tena kuna habari njema. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa REPRIEVE, lenye washiriki zaidi ya 7,700 wanaoishi na VVU, wengine wao kutoka Uganda. Waliopewa statini iitwayo pitavastatini walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 35. Basi ukiambiwa kliniki kwamba unahitaji statini, sikiliza.

Rifampisini ya kifua kikuu yenyewe hufanya kinyume. Huifukuza statini mwilini upesi mno, nguvu yake ikapungua. Na anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda apimwe upya INR, yaani kipimo cha kuganda huko, anapoanzishiwa statini au dozi inapobadilishwa.

Kama yako ni rosuvastatini na tumbo likawaka, dawa ya maji ya kutuliza asidi, ile nyeupe ya chupa yenye alumini na magnesi, isimezwe karibu nayo. Meza rosuvastatini kwanza, kisha ngoja saa mbili.

Sasa matunda. Tatizo ni balungi. Lina kemikali ambazo huziba ile njia niliyokutajia, na athari yake hudumu kwa zaidi ya siku moja, kwa hiyo kula asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii. Anayetumia simvastatini aliache kabisa, tunda na juisi. Wa atorvastatini asilizoee wala asinywe juisi yake kwa magilasi. Wa rosuvastatini hana la kuogopa. Danzi nalo lina tabia kama ya balungi. Chungwa na chenza kula, na ndimu ya kukamulia samaki isikutie hofu.

Halafu kuna kopo. Jamaa yuko Dubai au Muscat, anakupenda, anakutumia virutubisho vya kushusha kolesteroli "vya asili". Soma kopo. Likiandikwa "red yeast rice", huo ni mchele uliochachushwa kwa kuvu nyekundu, na ndani yake mna kemikali ileile ya lovastatini, mojawapo ya statini za kwanza kutengenezwa. Ukimeza pamoja na kidonge chako umerudia kosa la shangazi yangu. Mshukuru jamaa, kopo lifunge.

Kuhusu mwarobaini, mlonge, habasoda na mchanganyiko wa kitunguu saumu na ndimu: sitakukejeli, nimekulia katika nyumba hizohizo. Kitunguu saumu cha kupikia ni chakula, kula. Lakini mchanganyiko wa chupa usiojulikana una nini, usiuchanganye na statini bila kumwambia daktari, na usiufanye badala ya kidonge. Ukiona unataka kuutumia, mpelekee auone. Madaktari wengi wa huku wameshazoea swali hilo.

Misuli ikiuma

Hili ndilo linalowafanya wengi waache dawa kimyakimya, kwa hiyo tulitazame vizuri.

Maumivu ya statini kwa kawaida huja pande zote mbili: mapaja yote, makalio, mashavu ya miguu yote, au mabega yote. Mara nyingi hutokea miezi ya mwanzo, au baada ya dozi kuongezwa, au baada ya dawa mpya kuingia. Bega moja la kulia baada ya siku ya kupakua magunia Kongowea lina maelezo yake mengine.

Maumivu yakianza, yaandike. Siku gani, wapi, makali kiasi gani, na siku hiyo ulibeba nini au ulitembea wapi. Kisha nenda kliniki na karatasi hiyo. Usiache dawa ukasubiri tarehe yako ya miezi mitatu ndipo useme. Daktari aweza kupima damu kuangalia kama misuli inaumia, akapima na tezi ya shingo na figo, akapunguza dozi au akakubadilishia statini. Asiyepatana na moja mara nyingi hupatana na nyingine.

Kuna jambo la kweli ambalo yafaa ulijue. Uingereza, watafiti wa Imperial College London walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima waliwapa chupa za miezi tofauti: nyingine zina statini, nyingine zina vidonge visivyo na dawa, nyingine tupu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Karibu asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye vidonge visivyo na dawa. Watu hawa hawakuwa waongo, na maumivu yao yalikuwa maumivu. Ila kwa sehemu kubwa chanzo hakikuwa dawa, na baada ya kuonyeshwa namba zao wenyewe, nusu yao waliirudia. Kwa hiyo maumivu yako yape heshima ya kupimwa. Usiyahukumu peke yako chumbani.

Lakini kuna alama moja isiyongoja miadi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya mkandaa, na misuli inauma sana au imelegea hata kupanda ngazi ni taabu, acha kidonge siku hiyo na uende hospitali siku hiyo. Hiyo ni dalili kwamba misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Ni nadra sana, ila haichezewi. Mwambie wa kwanza kukuona jina la dawa na dozi, onyesha ile picha. Usingoje kupambazuke eti feri ya usiku inachelewa.

Waliomo hatarini zaidi ni wazee waliopita miaka 75, wenye figo dhaifu, wenye tezi isiyofanya kazi vizuri, na wanaokunywa pombe sana. Ukiwa mmoja wao, sema mapema ili uanzishwe dozi ndogo.

Ini, sukari, na uzazi

"Itaniharibia ini." Nimelisikia hili kila pembe. Madhara makubwa ya ini kwa sababu ya statini ni nadra mno. Pimwa ini mara moja kabla ya kuanza, basi. Baada ya hapo macho yako ndiyo kipimo: yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, ukakosa hamu ya kula na tumbo likauma upande wa juu kulia, nenda hospitali. Kinachokula ini huku kwetu kuliko statini ni mnazi na chang'aa. Ukiwa mnywaji, mwambie daktari kiasi cha kweli, wala usipunguze chupa kwa aibu.

Sukari yaweza kupanda kidogo, zaidi kwa mtu aliyekuwa tayari ukingoni mwa kisukari. Faida kwa moyo ni kubwa kuliko kupanda huko. Endelea kupima. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako ana mashine ya sukari na ya presha kwenye mkoba wake, na kukupima nyumbani ni kazi yake. Kolesteroli hapimi, hiyo ni ya maabara.

Dada yangu, ukiwa unapanga kushika mimba, zungumza na kliniki kabla. Ukigundua tayari unayo, simamisha statini na uende wiki hiyohiyo. Usijilaumu kwa vidonge ulivyomeza kabla hujajua, ila usiendelee bila ushauri. Unaponyonyesha vilevile, uliza kwanza.

Kununua, kutunza, kulipia

Statini huuzwa kwa cheti cha daktari. Duka zuri litakuomba cheti, na ukutani litakuwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Angalia tarehe ya mwisho na uone pakiti haijatobolewa. Usinunue vidonge vya kuhesabiwa kwenye karatasi visivyo na jina, wala vya mchuuzi kwenye matatu.

Bei ikikushinda, sema. Muombe daktari aandike jina la dawa badala ya jina la kampuni, kisha duka likupe la bei nafuu lenye statini ileile na namba ileile. Uliza maduka mawili matatu, bei hutofautiana. Usikate dozi nusu kimoyomoyo ili boksi lifike mwisho wa mwezi, na usigawane na mumeo kwa kuwa naye "ana mafuta". Yeye hajapimwa figo wala hajaulizwa dawa zake. Kama hujajisajili bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, piga *147# na ujisajili. Siku ya kliniki, ulizia kama dawa ipo kabla hujaondoka nyumbani, usije ukavuka feri kwa nauli na jasho ukute rafu tupu.

Nyumbani, vidonge vibaki ndani ya pakiti yake hadi saa ya kumeza. Unyevu wa baharini huviharibu. Usiviweke juu ya friji, dirishani wala karibu na jiko. Kabati la nguo, juu, mbali na watoto, panatosha.

Sahani yako

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wewe wajua. Kidonge hakikupi ruhusa ya viazi karai kila jioni. Mafuta yaliyokaangiwa bhajia mara kumi yamwage. Tui zito la nazi lina mafuta mengi ya aina inayopandisha LDL, basi libakize kwa Ijumaa na sikukuu, siku nyingine pika kwa tui jepesi au bila. Mbaazi, kunde na maharagwe ni rafiki zako. Samaki wa kuchoma vilevile. Sigara acha. Sitakudanganya kwamba chakula peke yake kitashusha namba iliyopanda sana, maana wengi nimewaona wakijinyima hata mahamri na LDL isisogee. Ndiyo maana umepewa kidonge.

Kipimo cha marudio

Rudi kupimwa kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi. Usiruke kidonge siku ya kupima, wala usianze kukimeza wiki moja kabla ili namba ipendeze. Uliza maabara kama wanataka uje bila kula. Vipimo vingi vya mafuta ya damu siku hizi havidai hivyo, ila vingine bado vinadai.

Namba ikishuka, usiache. Imeshuka kwa sababu ya kidonge. Ukiacha, ini linarudia kazi yake ya zamani, na ndani ya wiki chache LDL inapanda tena. Huu si uraibu. Ni kama miwani: unaona vizuri ukiwa umeivaa.

Ukikaa mbele ya daktari, weka dawa zote juu ya meza yake kama ulivyoziweka leo juu ya yako. Kisha muulize mambo mawili: LDL yangu leo ni ngapi, na wewe wataka ifike ngapi? Andika majibu yote mawili kwenye kijitabu, kando ya jina la dawa na namba yake.